Pipa la Maji na Mguu wa Mashua

Mwezi uliopita nilifika nyumbani Mukuyuni, huku Makueni, nikakuta pikapu ya maembe imesimama uani kwetu, boneti wazi, mvuke unatoka kama sufuria ya isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, iliyofunuliwa. Dereva alikuwa ameomba maji, na mama akamwonyesha mfereji. Basi yule kijana akaufungua wote, akajaza ndoo, akamimina. Nusu iliingia kwenye rejeta, nusu ikamwagika chini, akarudi kujaza nyingine huku mfereji bado unatiririka. Mimi ni mtoto wa huku, na maji yakimwagika bure mbele yangu huwa yananiuma mwilini, sikutanii. Nilimfokea kabla hata sijamsalimia mama. Nikamwambia mfereji una kitu cha kufungia, tena kiko pale pale juu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, mikono imelala mapajani. Hakuinua sauti.

"Mwache amimine," alisema. "Injini nayo ina kiu yake."

Ungesikia mtu mwingine akisema hivyo usingefikiria lolote. Lakini huyu ndiye mama aliyetulea kwa kikombe kimoja cha maji ya kunawa miguu, watu watano, kwa zamu, na wa mwisho alikuwa ananawa matope. Nilijua maneno hayo aliyatoa wapi. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nimeyakalia hayo maji.

Enzi hizo mfereji ulikuwa hadithi ya watu wa mjini. Mvua ikikatika, mto wetu ulibaki mchanga mtupu, na maji unayatafuta chini ya mchanga. Unachimba shimo, unangoja yajikusanye, unateka kwa kibuyu polepole usiyachafue, mpaka mtungi ujae. Kisha unapitisha ukanda kwenye paji la uso, mtungi unakaa mgongoni, unapanda mlima umeinama. Pipa letu lilikuwa kando ya mlango wa jikoni, lile la bati lililowahi kuwa la mafuta, na lilikuwa linameza lita mia mbili. Kulijaza, mama alikuwa anapanda ule mlima mara nane na mtungi wa lita ishirini, mimi mara nne na wa lita kumi. Siku likijaa tulilifunika kwa kipande cha mbao na jiwe juu, na mama alikuwa analitazama jinsi watu wengine wanavyotazama ng'ombe wao.

Baba alikuwa fundi. Karakana yake ilikuwa mabati matatu juu ya nguzo za mkaratusi, hatua chache kutoka nyumbani na hatua chache kutoka sokoni. Alitengeneza lori, matrekta, na mashine za kusaga za kutoka Nunguni mpaka Mbooni. Harufu ya utoto wangu ni grisi na machungwa, kwa sababu siku ya soko wauza machungwa walipanga magunia yao mpaka kwenye mlango wa karakana na baba hakuwahi kuwafukuza. Walimlipa kwa machungwa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka ukila chungwa alilolimenya yeye unajua kabisa limetoka kwa nani.

Sasa hebu fikiria mashua ya mashindano ikifika mahali kama hapo.

Ilikuja juu ya lori la jirani yetu aliyekuwa anapeleka maembe Mombasa na kurudi mtupu. Ilikuwa nyeupe, na mstari mwekundu uliopauka, mdomo mrefu uliochongoka, viti viwili vya ngozi vilivyopasuka. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya matajiri kukimbizana baharini, ikazeeka, ikaharibika, na mjomba wangu akainunua. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa anaishi Kitui, kule kwenye bwawa kubwa la mto Tana. Alikuwa na mpango wa kuvusha watu. Soko zima lilikuja kuitazama. Mwalimu wetu alileta darasa la sita zima, tukapangwa foleni, akatueleza kwamba hiki ni chombo cha majini. Msichana mmoja akauliza maji yenyewe yako wapi. Mwalimu akasema hilo ni swali la Jiografia, turudi darasani.

Mashua yenyewe haikuwa mbovu sana. Injini yake, petroli ya silinda nane, ilikuwa imelala ndani kwa nyuma, nzima. Kilichokufa ni mguu. Mguu ndivyo baba alivyouita, na sisi sote tukauita hivyo: ile sehemu inayotoka nje ya ukuta wa nyuma, inashuka majini, ina gia ndani na propela chini. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili ya gia. Baba alipofungua nati ya kumwagia, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na meno ya gia yalikuwa yameliwa mpaka ukipitisha kidole yanateleza. Akasema huo hauponi, utafutwe mwingine. Mjomba akaupata Mombasa, mzee lakini mzima, na jirani akauleta na lori lake la maembe, umefungwa kwa magunia na kamba za katani.

Mama alikuwa na haraka na mguu huo kuliko mtu yeyote. Susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa anaishi ng'ambo ya bwawa na kitinda mimba wake. Mama alikuwa hajamwona kwa miaka minne. Kuzunguka kwa barabara kulikuwa siku mbili za kubadilisha magari, na mama alikuwa na shamba, watoto, na ng'ombe. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwepo, lakini mama hajui kuogelea, na hadithi za viboko alizisikia tangu utotoni. Halafu ikaja habari kwamba susu anaumwa kifua, hainuki, na anauliza siku zote kama binti yake wa Makueni amekuja. Mjomba akamwambia mama, "Dada, usizunguke. Mashua iko kwenu hapo. Ikipona nitakuvusha mimi mwenyewe." Basi mama akangoja mashua. Alishona hata nguo mpya ya kwenda nayo, ya bluu, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Baba aliubadilisha mguu kwa siku tatu. Naikumbuka kazi hiyo vizuri kuliko masomo yangu mengi. Aliondoa nati sita zilizoushikilia ule wa zamani, na zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari, akazipiga mafuta ya taa, akazingoja, akazipiga tena. Alipouvuta, ulitoka na mlio kama mtu anayekohoa. Akakagua mpira uliokunjwakunjwa unaozuia maji yasiingie kwenye mashua, akaubadilisha. Akazungusha beringi ya ndani kwa kidole, amefumba macho, anasikiliza. Mguu mpya aliuning'iniza kwa cheni kwenye nguzo, akapaka grisi mhimili wake, akausukuma taratibu huku mjomba anazungusha propela kidogo kidogo, mpaka meno yakakutana. Hapo uliingia wenyewe, laini. Baba akacheka peke yake. Hakuwahi kuona mashua maishani mwake, na alikuwa ameifunga kama aliyezaliwa pwani.

Yule aliyeuza mguu kule Mombasa alikuwa ametuma neno kupitia kwa jirani. Nalikumbuka kwa sababu jirani alilirudia mara mbili, akihesabu kwa vidole. Mashua haina rejeta. Ndani ya mguu kuna kigurudumu kidogo cha mpira chenye mabawa, na hicho ndicho kinanyonya maji ya ziwa na kuyapeleka kwenye injini ipoe. Kwa hiyo usiiwashe nchi kavu hivi hivi. Tia mguu kwenye pipa la maji, ndipo uwashe.

Pipa lilikuwepo moja tu.

Baba alikuja mpaka mlango wa jikoni, anafuta mikono kwa kitambaa, na akaomba. Aliomba vizuri. Akaeleza habari ya kigurudumu. Mama alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi, akasimamisha mchi.

"Maji yataingia mafuta?"

Baba akasema yataingia kidogo.

"Nimepanda huu mlima mara nane," mama akasema. "Maji yangu hayamwagiwi chuma. Bwawa zima linaingojea huko, ikanywe huko."

Nami, rafiki yangu, sikungoja kuambiwa. Nililipanda lile pipa, nikaondoa jiwe, nikakaa juu ya ule ubao, nikakunja mikono. Nne kati ya safari zile zilikuwa zangu, na paji langu la uso lilikuwa bado na alama ya ukanda. Baba akanitazama. Akamtazama mama. Angeweza kunishusha kwa mkono mmoja. Lakini yeye pia ni mtu wa huku, alilelewa kwa kikombe hicho hicho, na naamini moyoni alikuwa upande wetu.

"Dakika moja tu," alisema. "Niisikie tu imeshika."

Ile dakika ilikuwa ndefu. Injini ilipowaka, soko lilinyamaza, kisha soko likaja. Ilikuwa sauti ambayo Mukuyuni haikuwahi kuisikia, nzito, inatetemesha mabati. Wauza machungwa waliacha magunia. Mama mchungaji alikuja na mwavuli wake. Jirani wa lori akapiga kelele aongeze, na baba akaongeza, kwa sababu nani asingeongeza? Miaka yote alikuwa fundi wa mashine za kusaga, na leo watu walikuwa wanampigia makofi. Mjomba alikuwa anacheza kwenye kiti cha ngozi. Mimi niliona yote kutoka juu ya pipa. Nilimwona baba akigusa paipu ya injini na kurudisha mkono haraka. Akageuka, akaangalia upande wetu, pale nilipokaa. Kisha akazima. Watu wakarudi sokoni wamefurahi.

Siku ya pili tulisafiri na lori mpaka Kitui, tukalala kwa mjomba, na asubuhi mashua ikashushwa majini. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa nimepewa jina la susu, na ilifaa anione. Mama alikuwa amevaa ile nguo ya bluu. Kwenye kyondo alikuwa na muthokoi, chumvi, blanketi jipya na machungwa ya baba. Alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili akaanza kuimba wimbo wa kanisani polepole, na mjomba akamtania kwamba hata samaki wameokoka. Ng'ambo tuliona bati la nyumba ya susu likimeta kwenye mteremko. Mama alinionyesha kwa kidevu, maana mikono hakuthubutu kuiachilia.

Mashua iliruka. Upepo ulinifanya nicheke bila sababu. Halafu, hatujafika hata nusu, harufu ya kitu kinachoungua ikaja kutoka nyuma, mvuke ukapanda, na mjomba akazima injini akilaani. Tukabaki tunaelea. Hakuna aliyeuliza ni nini. Baba alipiga magoti nyuma pale akatazama ule mguu muda mrefu, na mama akaacha kuimba. Upepo ulikuwa unatusukuma kurudi upande wa Kitui, na mjomba na baba wakausaidia kwa mbao mpaka tukafika tulikotoka.

Baba aliufungua mguu ufukweni. Kile kigurudumu kilikuwa kimebaki kitovu tu. Mabawa yake yalikuwa vipande vyeusi, vigumu kama maganda ya maharagwe. Akaviweka kiganjani na kumpelekea mama pale alipokaa kwenye jiwe na kyondo chake. Hakumlaumu. Alisema tu, "Kilikosa maji." Mama akavitazama. Akaniangalia mimi, si kwa hasira, ni kama mtu anayehesabu waliokuwepo. Kisha akachukua kipande kimoja, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

Baba akaondoka jioni hiyo hiyo kufuata kigurudumu kingine Mombasa. Akasema siku nne. Utaniuliza kwa nini mama asizunguke na barabara siku hizo, na mimi nimejiuliza miaka yote. Kila asubuhi ilionekana baba atafika kesho. Ukisafiri siku mbili halafu mashua ipone nyuma yako, utajiona mjinga. Tuliketi kwa mjomba, mama akisuka kyondo asichokimaliza, na kila mara alisimama kutazama lile bati. Kigurudumu kilikosekana Mombasa, kikatafutwa mpaka kwa mafundi wa Kilifi. Siku ya saba mvuvi mmoja alivuka na habari. Susu alikuwa amefariki alfajiri. Mvuvi, ambaye hakujua lolote, akasema bibi alikuwa amewekewa mito mgongoni akae, aangalie majini, kwa kuwa aliambiwa binti yake yuko upande wa pili na anakuja na mashua.

Mama hakulia mbele yake. Alimpa chai.

Baba alifika siku ya tisa. Kazi ya kuweka kigurudumu haikuchukua hata asubuhi nzima. Tulivuka kwenda mazishini, mama akiwa na nguo ile ile ya bluu, na injini ilinguruma vizuri, haikukohoa hata mara moja. Tulifika ng'ambo katika muda ambao hata sufuria ya chai haijachemka. Nilihesabu kichwani, na natamani nisingehesabu. Mama alishuka, miguu ikazama kwenye tope, akaangalia nyuma, umbali tuliotoka. Akasema, "Ni hapa tu," na hapo ndipo alipolia.

Tuliporudi Mukuyuni nilitegemea kwamba kutakuwa na ugomvi ndani ya nyumba. Haukutokea. Kesho yake asubuhi mama alichukua ukanda na mtungi, akateremka mtoni. Nilitaka kumfuata akanikataza. Akapanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara alipita mlango wa jikoni, akaenda mpaka karakana, akamimina kwenye pipa jingine kuukuu ambalo baba alikuwa anatupia vyuma. Alikuwa amevimwaga vyuma vyote chini na kulisugua pipa kwa mchanga. Safari kumi. Baba alisimama na spana mkononi, hakujua aende wapi. Lilipojaa, mama akavua ukanda akasema, "Hili ni la injini. Likipungua uniambie."

Tangu siku hiyo tulikuwa na mapipa mawili. Kuna mwaka ambao mto ulikauka hata chini ya mchanga, tukawa tunanunua maji kwa punda, na lile la nyumbani likawa tupu, lakini la karakana hatukuligusa. Mimi niliwahi kuteka kikombe kimoja humo kwa kiu, na mama alinipiga kwa mara ya kwanza na ya mwisho tangu nivunje ungo. Mashua ya mjomba ilivusha watu miaka kadhaa, kisha petroli ikamshinda, na mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa imepinduliwa, kuku wanataga chini yake. Mguu ule wa zamani, ule wa oili ya chai, ulibaki kwetu, tulifungia mbuzi. Baba alifariki. Karakana ikawa duka la simu. Mapipa yote mawili yaliliwa na kutu, na mfereji ukaja, na watoto wangu wakija hapa huacha maji yakimwagika wakisugua meno, nikiwafokea wananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Hakuna tena anayejua uzito wa ndoo. Hata paji la uso la mama, ile alama ya ukanda imefifia, imebaki mstari mwembamba kati ya mikunjo ya uzee.

Yule kijana wa pikapu alikuwa sasa amefunga mfereji, amesimama kando ya gari lake kwa adabu, ananiogopa mimi zaidi ya mama. Mvuke ulikuwa umekwisha. Akapaza sauti kwamba ameshukuru, anaondoka.

Mama aliinuka kwenye kiti, taratibu, akashika ukuta. Akatembea mpaka kwenye gari, akaweka kiganja chake juu ya injini, akakiacha hapo.

"Bado ina moto," alimwambia. "Ongeza. Mwanangu, mfungulie."

Nikaufungua mfereji.